Viroboto kwa mbwa na paka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayefuga mbwa au paka huku kwetu, awe anaishi ghorofani Kariakoo, nyumba ya uani Mombasa au shambani Morogoro. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi, na ni makusudi: viroboto unaowaona mwilini mwa mnyama ni wachache kuliko wale usiowaona ndani ya nyumba. Usipolishika hilo utanunua dawa kila mwezi na mnyama ataendelea kujikuna. La pili ni la uhai. Dawa isiyofaa humuumiza mnyama haraka kuliko kiroboto mwenyewe, na paka ndiye anayeumia zaidi. Tafadhali soma sehemu ya dawa kabla hujampaka mnyama wako chochote.

Nitajuaje kama ni viroboto, si kupe wala chawa?

Kiroboto mzima ni wa rangi ya kahawia iliyokolea, urefu wa milimita 1 hadi 3, na mwili wake umebanwa ubavuni, ndiyo maana anapenya katikati ya manyoya kwa kasi. Hana mabawa, anaruka kwa miguu ya nyuma. Kupe hana haraka: anang'ata na kukaa palepale akivimba damu. Chawa huenda polepole na mayai yake huganda kwenye unywele. Utitiri huwezi kuuona kwa macho. Wenyewe unaujua kwa magamba, upele na manyoya kunyonyoka masikioni, viwikoni na usoni.

Mara nyingi hutamwona kiroboto mwenyewe, hasa kwa paka, kwa kuwa paka hujilamba na kuwameza. Tafuta kinyesi chake. Mlaze mnyama juu ya shuka jeupe kuukuu, chukua kitana chenye meno ya karibu kama kile cha kutolea chawa, mchane kuanzia kiunoni hadi kwenye shina la mkia, kisha shingoni. Vitadondoka vipunje vyeusi. Vidondoshee maji matone mawili matatu na usubiri kidogo. Kama ni vumbi, maji yatachafuka tu. Kama ni kinyesi cha kiroboto, kila kipunje kitazungukwa na duara la rangi ya kutu linalogeuka jekundu, kwa sababu ni damu ya mnyama wako iliyokauka. Ukiona rangi hiyo huhitaji ushahidi mwingine.

Paka wangu hatoki ndani kabisa. Wametoka wapi?

Wameletwa. Panya aliyeingia darini, paka wa mtaani anayepita dirishani usiku, mbwa wa jirani anayelala kibarazani, kochi la mtumba, hata pindo la suruali yako. Na usidanganywe na jina: kiroboto wa paka, ambaye kitaalamu ni Ctenocephalides felis, ndiye huyohuyo anayewasumbua mbwa wengi duniani. Mbwa wa uani na paka wa kitandani wanagawana viroboto walewale. Ukimtibu mmoja ukamwacha mwenzake, hujafanya kitu.

Jana nimemwogesha mbwa, leo amejaa tena. Sabuni ni feki?

Sabuni haina kosa. Uliowaua jana walikufa kweli. Unaowaona leo ni wengine, waliozaliwa sakafuni mwako.

Kiroboto jike akishapanda juu ya mnyama huanza kunyonya ndani ya dakika chache, na baada ya siku moja au mbili huanza kutaga. Anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayashiki kwenye manyoya. Yanadondoka kila mnyama anapolala, anapojikung'uta, anaporuka juu ya kochi. Baada ya siku 2 hadi 10 yanaanguliwa kuwa mabuu, vijidudu vyeupe visivyo na miguu vinavyokimbia mwanga na kujificha kwenye nyufa za sakafu, chini ya mkeka, ndani ya mikunjo ya kochi. Chakula cha mabuu ni kile kinyesi chenye damu kinachodondoka pamoja na mayai. Buu akishiba hujifumia kifuko chenye gundi kinachonasa vumbi na mchanga, akawa pupa. Humo ndani dawa nyingi za kupuliza hazimfikii. Anaweza kutoka baada ya wiki moja au mbili, au akakaa kimya miezi mitano akisubiri joto, mtikisiko wa nyayo na pumzi ya kiumbe hai.

Wataalamu hukadiria kwamba viroboto wazima walioko mwilini ni takriban asilimia 5 tu ya wote. Asilimia 95 ni mayai, mabuu na pupa waliotapakaa nyumbani. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu mzunguko mzima huchukua wiki tatu hadi nne, na hakuna msimu wa baridi wa kuwakata. Nchi za Ulaya hupata nafuu ya miezi kadhaa kila mwaka, Tanga na Mombasa hawaipati.

Basi nianzie wapi?

Wanyama wote na nyumba nzima, siku moja. Kila mbwa na kila paka apate dawa yake siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo pasafishwe anapolala.

Kusanya kila kitambaa anachokalia mnyama: shuka, taulo, mito, zulia dogo, gunia. Kunja kuelekea ndani ili mayai yasidondoke njiani, na usikung'ute chochote ndani ya nyumba. Loweka kwenye maji ya moto sana, au kwa mwenye mashine, fua kwa nyuzi 60. Mkeka wa ukindu hautaki maji ya moto, kwa hiyo upeleke mbali na nyumba, ukung'ute, kisha uuanike kwenye jua kali la saa sita, pande zote mbili. Gunia kuukuu lichome moto.

Kisha sakafu. Watu hufagia katikati ya chumba, na mabuu hawapo katikati. Wapo pembezoni mwa ukuta, uvunguni mwa kitanda, nyuma ya kabati, kwenye nyufa za saruji. Toa mito ya kochi uone kilichoko chini yake. Ukiwa na mashine ya kuvuta vumbi itumie, kwa sababu inanyonya mayai na mtikisiko wake unawatoa pupa kwenye vifuko. Taka za ufagio zifunge kwenye mfuko, zitoke nje siku hiyo, kisha piga deki. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, baadaye mara mbili kwa wiki. Ni kazi, sitakuficha. Lakini ndiyo inayotibu.

Nipulize dawa ndani?

Kama wamezidi, ndiyo. Dawa nzuri zaidi ni ile yenye kiambato kinachozuia mayai na mabuu kukua, kwa mfano piriproksifeni au methopreni, pamoja na kinachoua wazima. Dawa za kawaida za kupuliza mbu huua wazima wanaoguswa tu. Uwe umetumia ipi, watu na wanyama watoke, samaki wafunikwe, vyombo vitolewe, na asirudi yeyote mpaka sakafu ikauke na hewa ipite. Paka awe wa mwisho kurudi. Ukiita watu wa kupiga dawa, patana nao kabisa kwamba watarudi baada ya wiki mbili au tatu kwa awamu ya pili, kwa sababu pupa wa awamu ya kwanza watakuwa wametoka.

Dawa za kilimo zilizopimwa kwenye vichupa bila lebo usiziingize chumbani watoto wanapolala. Hilo halina mjadala.

Sakafu yangu ni ya udongo, na mbwa analala uani. Nifanyeje?

Nyunyizia maji kidogo ili vumbi litulie, fagia mpaka upate udongo mgumu, kisha zikandike nyufa zote upya. Mabuu hukaa kwenye vumbi laini, kwa hiyo sakafu ngumu iliyosawazishwa inawanyima mahali.

Uani, jua linakufanyia kazi bila malipo. Buu hawezi kuishi kwenye jua la wazi na ukavu, kwa hiyo huna haja ya kupuliza uwanja mzima. Tafuta kivuli: chini ya mwembe pale mbwa alipojichimbia shimo, uvunguni mwa gari bovu, chini ya ghala, nyuma ya tangi la maji. Ondoa majani yaliyorundikana, fukia shimo, punguza matawi jua lipenye. Banda la mbwa liinue juu ya matofali ili uweze kufagia chini yake, na humo ndani mwekee kitu unachoweza kukibadilisha kila wiki. Nyasi kavu zinatosha, mradi za zamani zinachomwa.

Dawa gani nimpe mnyama mwenyewe?

Zipo za aina tatu zinazopatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo na kliniki. Kuna matone ya kuweka shingoni, kama ya fipronili, imidaklopridi au selamektini, ambayo hufanya kazi takriban mwezi mmoja. Kuna vidonge vya kutafuna: afoksolaneri ni ya mwezi, fluralaneri kwa mbwa hudumu wiki 12. Kuna na mikanda ya shingoni, ambayo ubora wake unatofautiana mno. Ile ya bei ya chini kabisa mara nyingi hunukia vizuri na kufanya kidogo.

Matone yawekwe juu ya ngozi, si juu ya manyoya. Gawanya manyoya kwa vidole, katikati ya mabega mahali asipoweza kujilamba, umimine hapo. Usimwogeshe siku mbili kabla wala siku mbili baada. Watu wengi wanaolalamika kwamba matone hayafanyi kazi walimwogesha mbwa kesho yake.

Dawa hununuliwa kwa uzito. Huna mizani ya mbwa? Panda kwenye mizani ya kawaida ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe hesabu. Usigawanye kidonge cha mbwa mkubwa kwa kukisia, na mbwa aliyewahi kupata kifafa mweleze daktari kabla ya vidonge hivyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2018 kuhusu kundi hilo la dawa na mitetemeko au kifafa kwa baadhi ya wanyama. Kwa wengi ni salama, ila historia ya mnyama wako unaijua wewe.

Kama unafuga na sungura, fipronili isimguse. Inaweza kumuua.

Dawa ya mbwa imebaki kidogo. Nimpake paka?

Usimpake. Tafadhali.

Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, ambayo kwenye lebo huandikwa permethrin, bila i ya mwisho. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama ini la mbwa linavyofanya. Tone la mbwa mkubwa linatosha kumuua paka mzima. Dalili huanza ndani ya saa chache, au hata siku inayofuata: anadondokwa mate, masikio na ngozi vinarukaruka, anatetemeka, anashindwa kutembea sawasawa, kisha anakakamaa. Paka anaweza kuipata hata kwa kulala amemkumbatia mbwa aliyepakwa muda huohuo. Watenganishe mpaka mbwa akauke kabisa, na bora zaidi kwa siku mbili au tatu.

Ikishatokea, mwoshe paka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mfunge kwenye taulo apate joto la kawaida, mkimbize kwa daktari wa mifugo na ile pakiti mkononi. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula: paka anayetetemeka hawezi kumeza vizuri, vitaingia mapafuni. Akiwahishwa, wengi hupona.

Ile ya kuogeshea ng'ombe je? Fundi wa josho ananipimia bure.

Najua ndiyo iliyo karibu, na najua imetumika kwa mbwa wengi vijijini. Lakini angalia kilichomo. Amitrazi ni dawa ya kupe na utitiri, kwa viroboto haina nguvu ya kutegemewa, na kwa paka ni sumu. Dawa za jamii ya organofosfati, kama diazinoni na klorofenvinfosi, huua viroboto kweli, lakini kiasi kikizidi kidogo mbwa huanza kutoa mate na machozi, anaharisha, mboni zinasinyaa, anatetemeka, pumzi inakata. Kipimo cha ng'ombe wa kilo 250 hakigeuki kipimo cha mbwa wa kilo 12 kwa kuongeza maji kwa macho. Na mtoto wako atamshika mbwa huyo jioni.

Si achomwe tu sindano ya ivermektini? Jirani alichoma.

Ivermektini ina kazi zake, nyingi na nzuri, lakini kuua viroboto si mojawapo. Jirani alilipia sindano ambayo haikulenga tatizo. Zaidi ya hapo, mbwa wa jamii ya koli, wale wa kuchungia kondoo, na chotara wao wanaweza kudhurika vibaya na dozi ambayo mbwa wengine huivumilia.

Bibi alikuwa anatumia mafuta ya taa. Na mwarobaini, ugoro, kitunguu saumu, oili chafu?

Mafuta ya taa yanachoma ngozi, na mnyama akijilamba mvuke na matone yake huingia mapafuni. Oili chafu ya gari ina metali na masalia ya petroli, nayo hulambwa vilevile. Ugoro na maji ya tumbaku ni nikotini, sumu kwa mbwa na paka. Kitunguu saumu kikilishwa mara kwa mara huharibu chembe nyekundu za damu, kwa hiyo unamwongezea upungufu wa damu mnyama ambaye tayari ananyonywa.

Mwarobaini una heshima yake. Maji ya majani yaliyochemshwa na kupoa, kwa mbwa, yanaweza kuwapunguza viroboto kwa muda. Hayatamaliza mayai wala pupa. Mafuta yake mazito usimpake paka, naye atayalamba yote.

Kitu cha nyumbani kinachofanya kazi kweli ni kitana na bakuli la maji ya sabuni. Chana, chovya, chana, chovya. Maji matupu hayamzamishi kiroboto, anaelea na kuruka. Sabuni ndiyo inayomfanya azame.

Kuna namna maalumu ya kumwogesha?

Ipo, na inaleta tofauti. Kabla hujammwagia maji, mpake povu zito shingoni, nyuma ya masikio, pande zote. Viroboto wakihisi maji mgongoni hukimbilia usoni na masikioni, na hilo povu linawazuia. Kisha endelea mwili mzima, mwache na povu dakika tano hadi kumi, suuza vizuri mpaka maji yawe safi. Sabuni ya kufulia hukausha ngozi, ya watoto wachanga ni laini zaidi.

Nikimnyoa manyoya?

Haisaidii sana. Utawaona vizuri zaidi, basi.

Nina watoto wa paka wa wiki tatu, wamejaa viroboto. Dawa ya dukani inafaa?

Dawa nyingi haziruhusiwi kwa walio chini ya wiki 8, soma pakiti. Lakini usiseme utasubiri wakue. Kiroboto jike anaweza kunyonya damu mara 15 ya uzito wake kwa siku, na kitoto cha paka kina damu kidogo sana. Fungua mdomo utazame fizi. Zikiwa za waridi, una muda wa kufanya kazi. Zikiwa nyeupe, na kitoto kimepoa, hakinyonyi, kinalia kwa sauti nyembamba, nenda kwa daktari leo hii, si kesho.

Kwa wenye nguvu bado, wachane kwa kitana asubuhi na jioni juu ya bakuli la maji ya sabuni. Ukilazimika kuwaogesha, mmoja mmoja, maji ya uvuguvugu, haraka, kichwa kibaki kikavu, kisha taulo na joto mpaka akauke kabisa. Baridi huua vitoto vya paka upesi. Badilisha kitambaa chao kila siku. Na mtibu mama yao kwa dawa inayoruhusiwa kwa anayenyonyesha, mwulize daktari. Selamektini hutumika kwa wenye mimba na wanaonyonyesha. Mama akiwa safi, watoto hupata nafuu kubwa.

Simwoni kiroboto hata mmoja, lakini mbwa amejikuna mpaka kiuno kimebaki uchi.

Huenda ana mzio wa mate ya kiroboto. Kwa mnyama wa namna hii kiroboto mmoja au wawili wanatosha kumsumbua kwa siku nyingi. Alama yake ni mahali: kiunoni, shina la mkia, nyuma ya mapaja. Paka hutoa vipele vidogo vyenye magamba shingoni na mgongoni, au anajilamba tumbo mpaka manyoya yaishe. Huyu ndiye anayehitaji kinga mwaka mzima bila kukosa mwezi, na daktari anaweza kumpa dawa ya kutuliza muwasho mpaka ngozi ipone. Krimu zako za ngozi usimpake, atazilamba. Na kwa kuwa watu hupenda kutuliza maumivu ya mnyama kwa kile kilichomo kabatini: paracetamol huua paka, hata kidonge kimoja.

Nimeona vitu kama punje za mchele kwenye mkia wa paka, vinatembea.

Hivyo ni vipande vya tegu, Dipylidium caninum. Buu la kiroboto hula mayai ya tegu, kiroboto akikua anambeba, paka akijilamba anammeza kiroboto, tegu anakua tumboni. Dawa yake ni prazikwanteli. Vidonge vingi vya minyoo vya bei nafuu hulenga minyoo ya duara na kumwacha tegu palepale, kwa hiyo taja tegu unaponunua. Usipowamaliza viroboto atarudi. Mtoto mdogo anayetambaa sakafuni akimeza kiroboto naye anaweza kumpata. Tiba yake ni rahisi, ila mpeleke kituo cha afya.

Wanatuuma na sisi. Watahamia kwa watu?

Watakuuma, hasa vifundoni na chini ya goti, vipele vitatu vinne vya karibukaribu. Hawataishi mwilini mwako, wanahitaji manyoya. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, losheni ya kalamini husaidia. Zuia watoto wasikwaruze mpaka kidonda.

Wanaambukiza UKIMWI au kichaa cha mbwa?

Hapana, vyote viwili. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi na wadudu wanaouma, awe mbu, kunguni au kiroboto. Kichaa cha mbwa hupita kwenye mate ya mnyama mgonjwa anapouma.

Na tauni?

Swali la haki, hasa kwa msomaji wa milima ya Usambara. Wilaya ya Lushoto mkoani Tanga ilipata milipuko ya tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, na ugonjwa huo bado unajitokeza Ituri, Kongo, na Madagaska, ambako mlipuko wa 2017 ulikuwa mkubwa. Anayeubeba zaidi ni kiroboto wa panya. Panya akifa, kiroboto humwacha na kutafuta damu nyingine, na paka anayewinda panya anaweza kuugua au kuleta viroboto hao ndani. Ukiona panya wanakufa ovyo, usiwashike kwa mikono, toa taarifa kituo cha afya. Mtu akipata homa kali ghafla na mtoki unaouma kinenani au kwapani, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa za viuavijasumu hutibu tauni ikiwahiwa. Mahali penye historia hiyo, kuwazuia panya ghalani ni sehemu ya kumtunza paka.

Kiroboto na funza ni kitu kimoja?

Ni ndugu. Funza, wengine humwita tekenya, ni kiroboto mdogo anayeitwa Tunga penetrans. Tofauti ni kwamba jike lake hujichimbia ndani ya ngozi ya mguu na kuvimba humo. Si mwenyeji wa bara hili: aliingia Angola mwaka 1872 kwa meli kutoka Brazili, na kabla ya karne hiyo kuisha alikuwa amefika pwani yetu. Mbwa humpata katikati ya vidole, na mbwa anayelala ndani kwenye vumbi huwagawia watoto. Kagua nyayo zake kila unapomchana. Usitumie pini moja kwa watu wawili, na anayetolewa funza awe amechanjwa pepopunda. Mafuta ya dimetikoni, pale yanapopatikana, huwaua bila kuchokonoa.

Kuku wangu wana vidoti vyeusi vimeganda machoni na kwenye upanga. Vinahusiana na mbwa?

Vinahusiana. Ni viroboto wa kuku, wale wanaong'ata na kuganda mahali pamoja. Hupanda hata kwa mbwa na paka, kwenye kingo za masikio na vidoleni. Wapake kuku mafuta ya mgando juu ya vidoti ili viroboto wakose hewa, safisha banda, na mbwa asilale humo. Mwenye vitoto vya mbuzi aangalie pia: kiroboto wa paka huingia mabanda ya mbuzi, na vitoto hufa kwa kuishiwa damu.

Tumehamia nyumba iliyofungwa miezi mitatu, hatuna mnyama, na tumeliwa miguu siku ya kwanza.

Ni pupa wa mpangaji aliyepita. Walikuwa wanasubiri nyayo, zikaja zenu. Vaa soksi nyeupe ndefu, tembea kila chumba polepole. Chumba ambacho soksi zitachafuka kwa vidoti vinavyoruka ndicho cha kuanzia. Usiku weka sahani pana ya maji ya sabuni sakafuni chini ya taa ya sola. Wataufuata mwanga na kuzama. Usitumie mshumaa wala koroboi. Fagia na kupiga deki kila siku, na kama unaweza, piga dawa mara mbili kwa nafasi ya wiki tatu. Bila mnyama wa kuwalisha, hawana kizazi kingine.

Nitaendelea mpaka lini?

Miezi mitatu, bila kuruka mwezi, hata kama mwezi wa kwanza umeona wameisha. Kati ya wiki ya pili na ya nne unaweza kuona viroboto wapya wakiruka. Wengi hapo hudhani dawa imeshindwa na kubadilisha. Ni pupa wa zamani wanaotoka, wanapanda kwa mnyama aliyetibiwa na kufa. Vumilia. Mchane kila wiki juu ya shuka jeupe. Wiki nne mfululizo bila kipunje kinachogeuka chekundu, umemaliza.

Mbwa wa mtaa mzima wanapita uani kwangu. Juhudi zangu zina maana?

Zina maana, ila mnyama wako atahitaji kinga ya kudumu. Ziba matundu ya uzio, usiache mabaki ya chakula nje usiku. Zungumza na majirani: mkinunua dawa kwa pamoja na kutibu mbwa wote siku moja, mtaa mzima hupata nafuu. Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, ambazo mara nyingi huandaliwa karibu na tarehe 28 Septemba, ni nafasi nzuri ya kumwomba daktari atazame manyoya. Nyakati nyingine anza na afisa mifugo wa kata. Kwa mnyama aliyezidiwa, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro na kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete hupokea mbwa na paka.